Tanzania Nzima Kiganjani

Kikombe nilichoshinda kwenye semina bado kipo mezani kwangu ofisini. Kina picha ya watu walioshikana mikono kuizunguka dunia, na dunia yenyewe imechorwa ovyo, Afrika inafanana na paja la kuku. Sikinywei chai. Nimekiwekea kalamu zisizoandika.

Semina ilikuwa hapahapa Dodoma, katika ukumbi wa kukodi ambao viti vyake huvalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa mkanda mgongoni kama bibi harusi. Mwezeshaji aliletwa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana wa suruali isiyofika kwenye vifundo vya miguu, aliyetuita "wapendwa" kabla hata hajatujua majina. Alitufundisha kwamba mtumishi wa kisasa hupimwa kwa uanuwai wa mtandao wake: anawasiliana na watu wa makabila mangapi, dini zipi, mikoa mingapi, kazi gani. Mwenye marafiki wa aina moja, alisema, amejifungia ndani na ufunguo kaumeza. Kisha akatugawia karatasi kubwa na kalamu za rangi, akatuambia tutoe simu tuhesabu.

Watu wazima, wengine wanasubiri kustaafu mwakani, tukainamia simu tukihesabu Wahaya na Wamakonde kama watoto wanaohesabu visoda. Mhasibu wetu aligundua mbele za watu kwamba karibu kila anayeongea naye ametoka wilaya moja na yeye, akaona haya, akamwongeza dereva wa bodaboda. Katibu muhtasi aliuliza kama mume wake anahesabiwa. Mimi nilijaza karatasi ya kwanza nikaomba ya pili.

Nilishinda kwa mbali. Kabila nililokosa silijui mpaka leo. "Huyu," mwezeshaji alisema huku ameninyanyua mkono juu kama bondia, "ana Tanzania nzima kiganjani." Wakapiga makofi. Nami nikasimama pale mbele, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mke na watoto, nikikenulia kikombe.

Acha niwaeleze hao watu wangu walionipa ushindi. Kulikuwa na bosi wangu wa zamani, mstaafu wa Bukoba, ambaye kila alfajiri alinitumia ua waridi lenye umande na maneno "asubuhi njema yenye baraka". Ua lilikuwa lilelile tangu astaafu. Kulikuwa na niliyesoma naye chuo, akaenda nchi ya theluji na hakurudi, lakini kila siku anatufundisha sisi tuliobaki namna ya kuishi hapa. Kulikuwa na mama mmoja mlokole wa Kongwa aliyenitangazia kila tarehe mosi kwamba mwezi huu ni wangu, nitume kwa watu kumi nisije nikazuia baraka. Na kulikuwa na ustadhi mmoja wa Tanga ambaye naye alinitaka nitume kwa watu kumi, la sivyo yatakayonipata nisimlaumu mtu. Mlokole yule na ustadhi yule hawajawahi kuonana, lakini nina hakika ujumbe wao unaandikwa na mtu mmoja, na mtu huyo hana kazi ya kufanya.

Mfanyabiashara wa samaki wa Mtera alikuwa akiweka picha ya perege mmoja kila wiki na kuandika "mzigo mpya". Dalali wa viwanja alikuwa akiweka picha ya kichaka cha miiba na kuandika "eneo tambarare, lami inakuja". Mwalimu wa Haneti alikuwa akiandika maoni ya kurasa nzima kuhusu mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Niliwadharau wote, tena niliwadharau kwa haki, bila kubagua dini wala kabila. Uanuwai gani huu? Ukiwakusanya hawa wote na kuwakamua, linatoka tone moja tu, nalo linasema nitazameni mimi.

Lakini niliwajibu. Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wangu. Kila asubuhi nikifika ofisini, kabla sijafungua faili, naagiza chai na chapati, naishika simu kwa mkono wa kushoto na chapati kwa wa kulia, nawapitia mmoja mmoja kama mtu anayerushia kuku mtama. Huyu hongera. Huyu pole. Huyu amina. Huyu kicheko cha machozi. Na wale ambao sikujua wamesema nini, kwa sababu sikusoma, niliwapa mikono miwili iliyobanwa pamoja, ile ya njano. Mikono ile niliipenda kuliko yote. Inafaa harusini, inafaa msibani, inafaa kwa mtoto aliyefaulu na kwa mwenye jino linalouma. Nilidhani haina dini wala kabila. Chapati ikiisha, Tanzania nzima imeshashiba.

Sasa, kwetu ni Kondoa, kwenye vilima, mahali ambapo mvua imechimba makorongo mekundu hadi mbuzi wakipotea hutafutwa siku mbili. Baba alikuwa mkulima wa uwele na mbaazi. Mama alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, na aliyenilea ni dada yake, mama mkubwa, nyumba ya jirani. Mama mkubwa alikuwa na mtoto mmoja wa kiume anayenizidi miaka miwili. Tulikula sinia moja na kulala mkeka mmoja, kwa hiyo ni kaka yangu, na mtu akitaka kunieleza tofauti yake asipoteze muda. Mimi nilikwenda shule nikafika mbali. Kaka alibaki akafungua duka la sabuni, chumvi, sukari na kuchaji simu kwa sola.

Grupu la kijiji nililianzisha mimi, baada ya Idi moja, kwa ajili ya sisi tuliotoka na wao waliobaki. Tuliotoka tulikuwa wengi. Waliobaki alikuwa kaka peke yake, kwa sababu wengine kule wana vitochi vya kupiga na kupokea tu, na simu janja ilikuwa moja, ya dukani. Nililidharau grupu lile mapema sana. Kaka hakuwa na mkono wa kuandika, kwa hiyo alituma sauti. Sauti za dakika tatu, nne, zenye salamu kwa kila mtu kwa zamu yake, mbuzi analia nyuma, mtu anaulizia kiberiti, kaka anamhudumia kwanza halafu anarudi na kusema, "Eeh, nilikuwa nimefika wapi?" Nani ana muda huo? Nilitazama urefu wake nikabonyeza mikono miwili, nikaendelea na chapati.

Idi iliyofuata nilipokwenda nyumbani nilikuta wazee wamekaa kwenye benchi la duka. Nikawaamkia, shikamooni, wakaitikia marahaba, na mmoja akaniambia, "Tunakusikia kila siku." Nikauliza wananisikiaje. Kumbe kila jioni kaka husimama mlangoni na simu na kuwasomea grupu zima, kama redio. Mtu wa Mwanza kasema hivi, mtu wa Arusha kasema vile. Ikifika zamu yangu, anasema, "Na huyu wa Dodoma katuma mikono." Mzee mmoja akataka kujua mikono imekaaje. Kaka akamwonyesha: akabana viganja viwili chini ya kidevu, akainamisha kichwa kidogo. Yule mzee, ambaye maisha yake yote ameomba dua kwa viganja vilivyofunguliwa, akanitazama kwa wasiwasi akauliza kama siku hizi nasali kanisani.

Nilicheka sana. Nilirudi Dodoma nikawasimulia ofisini, tukacheka wote. Watu wa shamba, tulisema, mtandao umewakuta njiani.

Baba hakucheka siku ile. Baba hakuwa mtu wa maneno. Maneno yake yote yalikuwa kwenye jembe. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na majembe mawili. Moja la shamba, lililolika hadi likawa kama kijiko. La pili lilikuwa pana na zima, la misiba tu, na hakuna aliyeruhusiwa kulimia hata tuta la viazi. Ikisikika sauti ya kilio upande wowote wa kilima, baba alilichukua jembe lile begani kabla hajauliza aliyekufa ni nani. Angeuliza njiani. Nilipoanza kazi aliniambia jambo moja, tena wakati anafunga mzigo wangu wa karanga, bila kuniangalia: "Mambo mengine utatuma. Msibani mtu hupeleka miguu." Nikasema ndiyo baba, nikapanda gari.

Siku ya semina, wakati wa chai ya saa nne, kikombe changu kikiwa bado kwenye boksi, niliona kaka ameandika kwenye grupu. Kaka kuandika lilikuwa jambo la ajabu, kwa hiyo nilisoma. Maneno manne: mama yetu ametutoka leo.

Mama mkubwa. Aliyenitafunia karanga nikiwa sina meno. Ningependa kusema nilianguka, au niliondoka mbio. Gari langu lilikuwa nje, lina mafuta. Kondoa ni mwendo wa saa mbili na nusu, lami tupu. Nisingekosa mazishi hata kama ningesimama njiani kununua maji. Lakini baada ya chakula cha mchana kulikuwa na kutoa vyeti na picha ya pamoja, na mshindi hawezi kukosekana kwenye picha. Mwezeshaji alinikuta nimeishika simu akaniuliza kuna nini, nikamwambia kuna msiba kijijini. Akawageukia wenzangu. "Mnaona, wapendwa? Tukio limetokea Kondoa, na yeye yuko Dodoma, lakini ameshaunganishwa." Wakatikisa vichwa kwa huzuni na heshima. Nami, mbele ya macho yao, nikaliunganisha: pole sana kaka, na mikono miwili. Halafu nikaongeza mingine miwili, kwa kuwa alikuwa mama.

Jioni baba alipiga simu kwa kitochi chake. "Umesikia habari ya mama yako mkubwa?"

"Nimesikia, baba. Nimeshatuma pole."

"Umetuma kwa nani?"

"Kwenye grupu, baba."

Nilisikia watu nyuma yake, na majembe yakirushwa chini, wametoka makaburini.

"Haya," akasema, na simu ikakatika.

Nilijiambia ni mtandao. Nikajiambia pia nitakwenda arobaini, na ilipofika arobaini nilikuwa Morogoro kikazi. Baada ya hapo kaka akawa ananipigia mara mojamoja, na kila alipopiga nilikuwa na mtu au na faili, kwa hiyo nilibonyeza ule ujumbe uliotengenezwa na simu yenyewe, nipo kikaoni nitakupigia. Siku nyingine nilikuwa kikaoni kweli. Baba nilimpigia Ijumaa. Nilimuuliza hali, akasema tupo. Mzee wa kwetu hasemi naumwa. Atasema tupo mpaka siku asipokuwepo.

Siku hiyo ilikuja Jumatano, mapema, watoto wakiwa wanavaa viatu vya shule. Aliyepiga ni baba mdogo, mdogo wake baba. Alisema, "Mzee kapumzika alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri." Hakusema njoo. Niliona ni haraka.

Na hapa nitawaambia nilichofanya, kwa sababu nimewasema wengine nami nisijifiche. Kabla sijamwamsha mke wangu aliyekuwa amelala na homa, kabla sijavua kandambili, nilikaa kitandani nikaandika tanzia. Niliiandika vizuri. Nikachagua picha ya baba akiwa amevaa koti la harusi yangu. Nikairusha kwenye magrupu yote, moja baada ya jingine, na nikarudia la wenzangu wa chuo maana picha haikufunguka. Ndipo nikaoga.

Simu ililia njia nzima. Tanzania nzima ilinililia. Mstaafu wa Bukoba alituma lile ua lake, sasa limefifishwa rangi. Mama wa Kongwa aliniambia mwezi huu bado ni wangu. Ustadhi alituma dua ndefu, ambayo nilishapata kuiona kwenye msiba wa mtu mwingine, jina lile halijafutwa. Mtu wa Mtera alituma mikono miwili. Dalali mikono miwili. Mwalimu wa Haneti, mwenye kurasa nzima kwa kila jambo, safari hii hakuwa na neno, mikono miwili. Ofisini walianzisha grupu jipya la msiba wangu, wakachaguana mwenyekiti na katibu wa kamati, wakaanza kubishana nani awe mwakilishi kwenda Kondoa na gari litoke idara gani. Nilisimama mara tatu kando ya barabara ili nijibu asante. Kamati ile ilikuwa bado inabishana nilipofika nyumbani, na nadhani haijavunjwa mpaka leo. Hata mtu mmoja kati yao wote hakuja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilikuwa nimekusanya fimbo za mbali miaka kumi nikijiona nina kuni.

Nilifika watu wamejaa uani. Nikashuka, nikaamkia, wakaitikia vizuri kabisa. Hakuna aliyeninunia. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani, na nilipoanza kuvua viatu ili nikae nao, mtu mmoja akaniletea kiti. Kiti cha plastiki cha buluu, kutoka dukani. "Karibu, mgeni," akasema. Nikadhani ni utani. Mwingine akaniletea soda. Nilikaa kwenye kiti kile peke yangu, juu ya vichwa vya watu wote, soda mkononi, kwenye msiba wa baba yangu.

Niliuliza kaburi limefikia wapi. Baba mdogo akasema limeshakwisha, vijana walianza alfajiri. Nikasema ningeshika jembe kidogo. "Pumzika," akasema, "umetoka mbali." Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya mlango wa baba. Jembe la shamba lilikuwepo. Lile pana halikuwepo.

Tulipolibeba jeneza, kila nilipopeleka bega nilikuta bega la mtu. Si kwa kunisukuma. Walipokezana kwa adabu, huyu anatoka huyu anaingia, na mimi nilitembea pembeni kama mtu anayesindikizwa. Tukasali. Tukafika makaburini. Kaburi lilikuwa zuri, kuta zake zimenyooka. Walimchimbia baba kama yeye alivyowachimbia wazazi wao. Jembe lake pana lilikuwa limelala juu ya udongo, na lilikuwa limetumika.

Kushuka kaburini kumpokea mzazi ni haki ya mtoto. Hiyo haihitaji semina. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikasogea ukingoni. Chini walikuwa wameshasimama watatu: baba mdogo, kijana mmoja wa jirani, na kaka. Nikasema, "Nipisheni, nishuke." Baba mdogo hakunyanyua kichwa. "Tumetosha," akasema.

Kaka ndiye aliyenitazama. Alikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye nyusi. Akafuta viganja kwenye msuli, akavibana pamoja chini ya kidevu, akainamisha kichwa kidogo. Akakaa hivyo muda wa mtu kuvuta pumzi moja. Hakucheka, wala hakuna aliyecheka. Kisha akafungua mikono, akainyoosha juu, akampokea baba.

Nilisimama pale na miguu yangu mitupu. Kuna methali tunayowafundisha watoto, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliyezaliwa pale sikupewa. Walipofukia niliruhusiwa konzi tatu za udongo, kama kila aliyehudhuria, na nilizitupa.

Dharau ninaijua. Ni kitu nilichokila na chapati kwa miaka. Lakini sikuwahi kuiona ikifanywa kwa upole namna ile, na watu niliokuwa nawacheka ofisini. Nilipandwa na hasira. Wengine walipokwenda kula, mimi nilishuka hadi dukani, nikamkuta kaka ananawa mikono kwenye beseni, na kabla hata hajajikausha nikamuuliza, "Mmenifanyia nini leo mbele za watu?"

"Tumekupa kiti," akasema.

"Kwa sababu ya mama mkubwa? Nilikosa. Nakiri nilikosa. Ndiyo unikataze kumzika baba yangu?"

Alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mama tulishazika, yakaisha. Mzee mwenyewe alisema tukusamehe." Akaniangalia, na ghafla uso wake ukabadilika, kama mtu aliyegundua kitu. "Wewe hukusikiliza," akasema. "Siku zote hizi nilidhani ulisikiliza ukapuuza. Kumbe hukusikiliza kabisa."

"Kusikiliza nini?"

"Fungua simu."

Nilikaa kwenye benchi la wazee. Nilipanda juu kwenye grupu la kijiji, nikipita tanzia yangu na picha yangu nzuri, nikipita sauti za kaka, moja, nyingine, zote zina ile alama ndogo ya kipaza sauti ambayo rangi yake hubadilika mtu akisikiliza, na zote hazijabadilika. Kaka akanyoosha kidole. Hiyo. Ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Nikabonyeza.

Salamu kwanza, kwa kila mtu kwa zamu yake. Mbuzi. Mtu na kiberiti chake. Halafu kaka anasema, ndugu yangu wa Dodoma, nimekupigia mara nyingi, uko vikaoni. Mzee haamki vizuri, kifua kimembana, chakula hataki, leo tumemshika mkono tu ndiyo kafika hapa dukani. Anasema usitume kitu. Halafu kikohozi, kirefu, ninakijua hata gizani. Na sauti ya baba, mbali na simu, kama mtu asiyeamini kwamba kile kidude kinasikia: "Mwambie asitume mikono. Mikono hapa ipo. Alete miguu."

Sauti ikaisha. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mahali anaposimama jioni akiwasomea watu.

"Alikuwa amekaa hapo ulipokaa," akasema. "Simu ikalia, akaniuliza, kajibu? Nikasema kajibu. Akauliza, kasemaje?" Kaka akatazama viganja vyake. "Ningemwambia nini? Nikamwonyesha."

Nilitazama chini ya ile sauti. Jibu langu lipo pale, mikono ya njano, miwili, na pembeni yake simu imeandika saa. Sauti ya kaka ilifika saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Mimi nilijibu saa mbili na dakika kumi na nne.

Sauti ile ina urefu wa dakika tatu.